Komiki ya kwanza ya binti: namna ya kumchagulia ambaye hajawahi kusoma

Shule zikifungwa tu, daka la nyumba yetu, yaani kibaraza cha mlangoni, huku Langoni, Lamu, linajaa watoto. Wapwa zangu, watoto wa majirani, wenzao wa chuoni, yaani madrasa, na kwa vile wote wanajua nina sanduku la komiki chini ya ngazi basi hodi haziishi, "shangazi, nipe katuni ya msichana." Mama zao nao jioni wananitumia meseji, binti yangu hajawahi kusoma komiki, simu haimtoki mkononi, nimuanzishe na ipi? Nimelijibu hili swali mmoja mmoja mpaka basi, sasa naliandika lote hapa, kwa yeyote mwenye binti au mdogo wake au mwanafunzi ambaye anataka kumuanzisha na komiki ambazo msichana ndiye mwenye hadithi yake, sio yule anayefungwa kamba akasubiri kuokolewa.

La kwanza, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: mpe moja. Moja tu, inayoanza mwanzo wa hadithi, halafu kurasa tano za mwanzo msome pamoja. Zamani nilikuwa natoa orodha ndefu, vitabu kumi, kumi na mbili, kila kimoja na sifa zake, na nilikuwa natoa kwa mapenzi kabisa, lakini wale watoto hawakurudi hata mmoja. Mtoto asiyejua kuogelea humuonyeshi bahari yote ya hapa mpaka Kiwayu, unamshika mkono pale maji yanapomfika magotini.

Sasa kuchagua hiyo moja. Usimuulize anapenda komiki gani, hajui, ndio kwanza anaanza. Muulize wiki hii amecheka nini, anagombana na nani nyumbani, kwenye simu anamfuatilia nani. Kuna binti wa jirani hapa, miaka tisa hivi, alikuja analalamika kwamba ametumwa samaki sokoni na paka wamemfuata kutoka huko mpaka mlangoni kwao, na nyinyi mnaojua paka wa Lamu mnajua hali ilivyokuwa. Sikumuuliza zaidi. Nikaingia ndani nikamtolea Akissi. Hii ni ya Marguerite Abouet, mama aliyezaliwa Abidjan, Côte d'Ivoire, na kwenye hadithi ya kwanza kabisa kasichana Akissi kanatumwa kupeleka samaki kwa jirani na paka wa mtaa wanamvamia! Yule mtoto alikaa kwenye baraza ya daka akafungua, akafika pale paka wanapotokea, akanitazama mimi, akatazama kitabu, akasema "huyu ni mimi." Hakuondoka mpaka magharibi. Hadithi zake ni fupi fupi, kurasa chache kila moja, kaka anayemkimbia dada yake mdogo asimfuate mpirani, tumbili wa kufugwa, vituko vya mtaani, na mtoto wa miaka saba mpaka kumi anazimaliza bila kuchoka. Ukipata ile iliyokusanywa pamoja, Akissi: Tales of Mischief, imetoka 2018, umepata hadithi nyingi ndani ya kitabu kimoja.

Kwa mabinti wa darasa la saba kwenda juu mimi mara nyingi naanzia kwa Kamala Khan, yule Ms. Marvel. Najua filamu na vipindi vyake vimeonekana, lakini komiki ndio asili na ni tamu zaidi. Mfululizo wake ulianza Februari 2014, mwandishi G. Willow Wilson, ambaye mwenyewe ni Muislamu, mchoraji Adrian Alphona, na juzuu ya kwanza inaitwa No Normal, ikapata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi na njozi, mwaka 2015. Kamala ana miaka kumi na sita, anakaa Jersey City kule Marekani, wazazi wake wametoka Pakistani, kaka yake ni mtu wa ibada sana, rafiki yake Nakia anavaa hijabu, na yeye yuko katikati, anapenda mashujaa wa komiki na anataka kwenda sherehe ambayo baba yake amemkatalia. Anatoroka usiku. Ukungu unashuka juu ya mji, anazinduka ana nguvu, na kitu cha kwanza anachogeuka ni yule shujaa mweupe mwenye nywele za dhahabu aliyekuwa anatamani kuwa, halafu anagundua mwili ule haumkai, buti zinabana, nywele zinamwingia machoni. Ukurasa huo nimewapa wasichana wengi, na karibu wote wananyamaza kidogo pale. Hawahitaji kuelezwa.

Na kuna mahali kwenye juzuu hiyo hiyo msichana mwenzake anazama majini, yule yule ambaye muda si mrefu alikuwa anamdharau, na Kamala kabla hajamuokoa anakumbuka aya ambayo baba yake huisoma kila akiona mabaya kwenye televisheni, ile ya anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Mtoto wa huku anaijua aya hiyo toka chuoni. Kuikuta ndani ya komiki ya Marvel, kinywani mwa shujaa, mpwa wangu aliipeleka mbio jikoni kumuonyesha bibi yake. Vazi lake la kishujaa lenyewe limeshonwa kutokana na burkini, lile vazi la kuogelea la kujisitiri. Ila nawaambia wazi wazazi, ukurasa wa kwanza kabisa Kamala yuko dukani ananusa sandwichi ya nyama ya nguruwe, ananusa tu, hali, na kwenye ile sherehe anapewa kinywaji chenye pombe bila kujua akakitema. Bora mzazi alijue hilo kutoka kwako kabla hajafungua mwenyewe akashtuka, na ukimueleza kisa chote anaelewa.

Kuna nyingine ambayo kwangu mimi imeandikwa kama kwa ajili ya wasichana wa Lamu ingawa mambo yake yote yako Michigan. Huda F Are You? ya Huda Fahmy, ya 2021. Huda amehamia Dearborn, mji wenye Waislamu wengi mno. Shule ya zamani alikuwa yeye ndiye "yule msichana wa hijabu" na kila mtu alimjua kwa hilo, sasa hapa wote wamevaa hijabu, na anakaa anajiuliza, kama hijabu sio kinachonitambulisha, mimi ni nani hasa? Mpe binti wa huku anayetoka nyumbani na buibui lake pamoja na wenzake ishirini wenye mabuibui hayo hayo na anataka mtu ajue kwamba yeye ndiye anayependa hesabu, au mpira, au kuchora. Michoro yake ni rahisi, mistari michache, nyuso kubwa zenye hisia, maneno mafupi, kwa hiyo hata ambaye Kiingereza kinamsumbua anaenda nayo. Akiimaliza iko inayofuata, Huda F Cares?, ya 2023, familia yote imebanana safarini kwenda Disney World na madada wanagombana njia nzima.

Nije kwenye jambo ambalo watu wengi wanalikosea, namna ya kusoma ukurasa. Sisi watu wazima tunadhani picha zinajieleza, zinajieleza ndio lakini macho lazima yafundishwe. Mtoto aliyezoea vitabu vya shule anakimbilia maneno tu, anaruka kiputo mpaka kiputo, vile viduara vya maneno ya wahusika, picha hazitazami, anamaliza kitabu dakika kumi halafu anakwambia hajaelewa, na mzazi anasema unaona, komiki hazina faida. Mimi nafanya hivi: nachukua kipande cha karatasi nafunika maneno ya ukurasa mmoja, namwambia nisimulie kilichotokea kwa picha peke yake. Anasimulia. Naondoa karatasi, tunasoma maneno, tunaona alipatia wapi na wapi maneno yameongeza kitu ambacho picha haikusema. Kurasa mbili tatu za hivyo zinatosha, baada ya hapo anasoma vyote viwili pamoja bila kujua. Halafu muonyeshe ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu, yaani vile visanduku vya picha. Fremu moja mkono uko kwenye kitasa, inayofuata chumba kitupu, muulize, hapa katikati kumetokea nini? Aliyefungua mlango kaenda wapi? Watoto wanapenda sana swali hili kwa sababu jibu wanalitunga wao. Na umbo la kiputo pia muonyeshe, kile chenye miiba mtu anapiga kelele, kile kama wingu mtu anawaza tu moyoni.

Kwa somo la viputo hakuna kitabu kinachofundisha vizuri kama El Deafo ya Cece Bell, ya 2014. Ni hadithi ya maisha yake mwenyewe, alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne akapoteza kusikia, na wahusika wote kawachora kama sungura. Betri ya kifaa chake cha kusikilizia ikianza kuisha, herufi kwenye viputo zinafifia, zinafifia, mpaka kiputo kinabaki kitupu. Msomaji anaona midomo inachezacheza na hakuna neno, anakuwa kiziwi pamoja naye kwa ukurasa mzima. Kuna mama mmoja ninayemjua ana mtoto asiyesikia vizuri, alikisoma kile kitabu usiku mmoja, asubuhi akaja kuniomba akae nacho wiki nzima. Nikamwambia kaa nacho.

Sasa kuna faida moja watoto wa huku wanayo na hawajui kama ni faida. Manga, yaani komiki za Kijapani, zinasomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kitabu kinafunguliwa kwa upande ambao wengine wanauita wa nyuma, na nimeona vijana wa bara waliosoma vizuri wanahangaika nazo siku mbili. Mtoto wa Lamu aliyehitimu juzuu amma, ile ya mwisho ya Qurani, macho yake yametembea kulia kwenda kushoto toka akiwa na miaka minne, mitano. Mwambie tu, fungua kama unavyofungua msahafu, fremu zifuate hivyo hivyo. Basi, imekwisha.

Hapo ndipo unaweza kumletea binti mkubwa, wa kidato cha tatu au cha nne na kuendelea, Shubeik Lubeik ya Deena Mohamed, dada wa Kimisri. Aliiandika kwa Kiarabu kisha akaitafsiri kwa Kiingereza mwenyewe, hiyo ya Kiingereza imetoka 2023 na nayo imeachwa ifunguke kulia. Jina lenyewe ni yale maneno ya jini anapotoka kwenye chupa, amri yako bwana. Ndani yake Cairo ni hii hii ya leo, foleni, karatasi za serikali, vibanda vya barabarani, isipokuwa matamanio yanauzwa yakiwa ndani ya chupa, yapo ya daraja la kwanza ya bei kubwa na yapo ya kopo, ya bei rahisi, ambayo ukiomba yanakugeuka. Aziza ni mjane maskini, amefanya kazi akajinyima mpaka akanunua lile la daraja la kwanza, na wenye mamlaka hawataki kuamini mtu kama yeye kalipata kwa halali. Sitasema zaidi. Ni kitabu kinene, kina huzuni nzito ndani, wadogo wasubiri. Dada huyu huyu mwaka 2013 alianzisha Qahera, shujaa mwenye hijabu na upanga, alikuwa anaiweka kwenye intaneti bure, kwa hiyo kama unatafuta ya kuanzia kwenye simu iko hiyo.

Wa umri huo huo wapo wanaopenda mambo ya mapenzi na mitaa na umbea, hao wape Aya, ya Marguerite Abouet tena, michoro ya Clément Oubrerie. Ya kwanza ilitoka Ufaransa 2005, na mwaka uliofuata ikapata tuzo kwenye tamasha la komiki la Angoulême. Yopougon, Abidjan, mwisho wa miaka ya sabini, Aya anataka kuwa daktari, marafiki zake Adjoua na Bintou wanataka kucheza dansi usiku. Kuna mimba ya kabla ya ndoa humo, kwa hiyo mimi namuuliza mama kwanza. Nyuma ya kitabu kuna kurasa za ziada, jinsi ya kutengeneza juisi ya tangawizi na jinsi wanawake wa kule wanavyofunga vitambaa vyao, na hapa kwetu penye leso, wasichana kurasa zile wanazikalia muda mrefu kuliko hadithi yenyewe, mmoja akatoka na leso ya mamake akajaribu pale pale dakani. Baada ya miaka mingi ya kimya juzuu ya saba ilitoka 2022, Kiingereza chake kikafika 2024, kwa hiyo anayependa hatakatika njiani.

Tahadhari moja kubwa, na hapa ndipo maduka yanapowapoteza watu. Mtoto ameona filamu ya Wonder Woman, unaingia unaomba komiki ya Wonder Woman, unapewa toleo lolote lililoko juu ya rafu. Yule mama ameanza kuchapishwa 1941! Toleo utakaloshika litakuwa katikati ya ugomvi wenye wahusika ishirini ambao mtoto hawajui, na atadhani yeye ndiye hana akili. Tafuta kwenye jalada namba moja, na hata namba moja uliza kama ni mwanzo kweli, kwa sababu hawa wachapishaji wakubwa wanarudia kuhesabu kutoka moja kila baada ya miaka michache. Aliye tayari kwa mazimwi na giza kidogo mpe Absolute Wonder Woman, ya Kelly Thompson na Hayden Sherman, imeanza 2024 na imeanza upya kabisa, Diana kalelewa kuzimu na mchawi Circe, hahitaji kujua chochote cha nyuma. Kwa waliompenda Shuri kwenye filamu ya Black Panther ipo komiki yake, ya 2018, mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Na kwa mdogo anayependa sayansi kuna Moon Girl and Devil Dinosaur, ilianza 2015, msichana mweusi mwenye akili za ajabu na dinosa mwekundu, hiyo haina shida yoyote, mpe tu.

Ukinunua, nunua juzuu, yaani matoleo matano au sita yaliyoshonwa pamoja. Toleo moja moja lina kurasa kama ishirini tu, anaisoma mpaka pale panaponoga inakatika, na huku kwetu kupata linalofuata ni mpaka mtu atoke Mombasa au Nairobi aje nalo. Mimi zangu nyingi zimekuja hivyo, kwenye mabegi ya jamaa, zikavuka na boti kutoka Mokowe.

Kuhusu wazazi. Wengi hawana tatizo na kusoma, wana tatizo na jalada, wameona wale mashujaa wa kike waliochorwa nusu uchi na wamekasirika, na mimi nawaunga mkono. Kwa hiyo usimpe mtoto wa mwenzio kitabu ambacho hujakimaliza mwenyewe. Kimalize, kisha nenda kwa mamake, keti, mwambie habari yake. Huku kwetu mwanamke kumwandikia binti yake sio kitu kigeni, Mwana Kupona, yule mshairi wa Pate, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 na mpaka leo tunausoma, hivyo mama ukimwambia hiki kimeandikwa na mwanamke kwa ajili ya wasichana anakusikiliza. Wapo waliochukua kitabu wakasema watakitazama kwanza, na kitabu kikakaa kwao wiki tatu kwa sababu mama naye alikuwa anakisoma.

Kiingereza kisiwatishe sana. Mwambie asisimame kila neno, picha zitamvusha, neno likirudi mara tatu ndio aulize. Wadogo mimi nawasomea kwa Kiswahili nikitazama Kiingereza, na sauti nabadilisha, paka wana sauti yao, kaka ana yake. Wakizoea wanataka kusoma wao.

Kikirudi kitabu usiulize "umejifunza nini?" tafadhali. Muulize ukurasa gani aliurudia. Atakufungulia, na ukurasa huo ndio utakaokwambia cha kumpa kinachofuata: akikuonyesha ugomvi wa madada mpe Huda, akikuonyesha mapigano mpe Kamala juzuu ya pili, akikuonyesha mahali ambapo hakuna maneno hata moja, mtu kasimama peke yake tu anatazama, huyo mletee El Deafo halafu umpe na penseli. Na kabla hajatoka mtilie kitabu kwenye mfuko wa nailoni uufunge vizuri, hasa wa Shela na Matondoni wanaorudi kwa boti, maji ya chumvi yakishaingia kwenye karatasi zile za kung'aa kurasa zinagandana na hazibanduki tena.